Kamera Inayokesha Msituni

Mnyama atembeaye usiku ni mgumu kumjua, kwa kuwa akisikia mguu wa mtu hutoweka. Ndipo watu wakabuni kamera inayokesha yenyewe. Mwaka 1905 Mjerumani Carl Georg Schillings alitoa kitabu chenye picha za usiku alizozipata katika nchi yetu: mnyama alivuta uzi, unga wa magnesi ukawaka ghafula, naye akapigwa picha.

Kamera za siku hizi hazihitaji uzi. Hufungwa mtini, kimo cha goti, zikielekea njia ya wanyama. Mbele zina kijicho kinachohisi joto la mwili likipita. Papo hapo picha hupigwa kwa mwanga usioonekana kwa macho ya mtu. Majani marefu yaliyo mbele hukatwa, maana yakipata jua na kuyumba huidanganya kamera.

Yatufaa nini sisi wa Umwe? Wakulima wa Rufiji hulala katika madungu ili nguruwe mwitu wasile mazao yao, na simba huwafuata nguruwe hao. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliua watu wengi wilayani Rufiji. Kamera haimfukuzi simba. Lakini picha yake, yenye tarehe na saa, huonyesha ni mnyama gani apitaye, wapi na wakati gani. Hivyo mkulima ajue njia ipi asiipite gizani. Kumjua simba bila kukutana naye ni faida kubwa.