Fahamu: Deksamethasoni inavyotuliza seli za kinga

Deksamethasoni ni dawa ya jamii ya steroidi inayopunguza mchochota, yaani hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto na kuuma pale kinga inapopambana na vijidudu.

Inavyofanya kazi

Seli ya kinga ikigundua kirusi, protini iitwayo NF-kB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za saitokini, kemikali zinazoita seli nyingine. Deksamethasoni hupenya utando wa seli, hushikana na kipokezi chake, kisha viwili hivyo huingia kiinini na kuizuia NF-kB. Saitokini kama IL-6 hupungua.

Kwa nini ilivuma

Juni 2020, utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulionyesha kuwa miligramu 6 kwa siku zilipunguza kwa takriban theluthi moja vifo vya wagonjwa wa Uviko-19 waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wasiohitaji oksijeni hawakunufaika.

Tahadhari

Kinga iliyotulizwa huachia nafasi maambukizi mengine, kifua kikuu kikiwamo, na sukari ya damu hupanda. Aliyeitumia wiki nyingi hapaswi kuiacha ghafla: tezi za adrenali huwa zimepunguza kutengeneza kortisoli, steroidi ya mwili wenyewe.