Suruali ya bodaboda: Safari ya dakika tano isikuachie kovu

Jioni inapoingia, kituo cha Banana, Ukonga, hujaa watu wanaoshuka kwenye daladala wakitokea mjini. Anayekwenda Kitunda au Kivule na hataki kusubiri gari jingine huita bodaboda. Anayeshuka Mombasa au Gongo la Mboto na nyumba yake iko mitaa ya ndani hufanya hivyohivyo. Safari yenyewe ni ya dakika tano, ikizidi sana kumi.

Kwa sababu ni fupi, hakuna anayejiuliza amevaa nini. Aliyevaa pensi hupanda na pensi yake, aliyevaa dera hupanda na dera, na msichana aliyetoka mazoezini hupanda na taiti. Wengi huamini kwamba hatari ya pikipiki iko barabara kuu, kwenye mwendo mkali na magari makubwa.

Lakini mguu mara nyingi huungua mbele ya geti la nyumbani, pikipiki ikiwa imeshasimama. Abiria anashuka, mkono mmoja una mfuko wa mboga, mwingine unatafuta chenji, na shavu la mguu linagusa bomba la moshi. Pikipiki iliyozunguka tangu asubuhi ina bomba la moto hata kama abiria wa mwisho amekaa juu yake dakika tatu tu.

Ndiyo maana kovu la aina hii mara nyingi huwa sehemu ileile: ndani ya mguu wa kulia, chini ya goti. Pikipiki nyingi za bodaboda, zikiwamo Boxer na TVS, bomba lake liko kulia. Kinga ya kwanza basi haihitaji fedha: panda na ushuke kwa upande wa kushoto, ambao ndio pia upande wa pembeni mwa barabara kwa nchi inayoendesha kushoto kama Tanzania. Kinga ya pili ni suruali.

Tazama kitambaa kabla ya rangi

Suruali inayofaa kwa safari hizi ni ya pamba nzito. Jinzi ya kawaida isiyo nyepesi inafaa, na kadeti nzito inafaa pia kwa mtu anayetaka kuonekana nadhifu kazini.

Taiti nyingi, na traksuti nyingi za kung'aa, hutengenezwa kwa poliesta au nailoni. Nyuzi hizi zikigusa chuma chenye moto mkali huyeyuka na kunata kwenye ngozi, na kidonda kinakuwa kibaya kuliko ambavyo kingekuwa. Pamba haiyeyuki. Inaweza kuungua, lakini ikiwa nzito humpa mtu nafasi ya kuondoa mguu kabla joto halijafika ndani.

Kwenye mitumba, kuanzia Karume hadi meza za kandokando ya barabara Ukonga, kibandiko cha ndani ya kiuno mara nyingi bado kipo. Kisome. Kama pamba ndiyo nyingi, endelea kuitazama. Kisha inyanyue suruali kwenye mwanga, uangalie makalioni na magotini. Mwanga ukipenya, kitambaa kimekwisha, hata kama sehemu nyingine inaonekana mpya. Jinzi zilizochanwa magotini kwa fasheni ziachwe kwa siku za kutembea kwa miguu, kwa kuwa goti ni moja ya sehemu zinazotangulia kufika chini mtu anapoanguka.

Kaa kwanza, lipa baadaye

Kosa la wanunuzi wengi ni kupima suruali wakiwa wamesimama. Mtu akipanda pikipiki, magoti hupinda na pindo hupanda juu. Suruali iliyofika kwenye viatu dukani inaweza kuishia katikati ya muundi barabarani, na hapo ndipo bomba lilipo.

Mwombe muuzaji benchi au kiti. Kaa, tanua miguu kidogo, pandisha magoti. Pindo linatakiwa bado lifunike kifundo cha mguu. Kama unampelekea fundi cherehani aifupishe, apime ukiwa umekaa, na ashone mara mbili mshono wa katikati ya mapaja, maana huo ndio unaofumuka mtu anaponyanyua mguu kupanda.

Modo inayobana sana humnyima mtu uwezo wa kuvusha mguu juu ya kiti, akaishia kuyumba na kujishikiza penye moto. Bwanga nalo lina shida yake: mguu mpana hunasa kwenye sehemu ya kukanyagia au kuvutwa na mnyororo. Mlegezo unaokaa chini ya makalio hufunga mapaja kama kamba. Inayofaa ni ile inayokaa kiunoni, yenye nafasi mapajani, na inayopungua upana kuelekea chini.

Kwa wanaovaa dera, gauni au baibui

Wanawake wengi hukaa upande kwa sababu ya nguo. Mtu aliyekaa hivyo miguu yake yote iko upande mmoja, hana pa kubana kwa magoti, na pikipiki ikiyumba kwenye mchanga au tope la masika huteleza kirahisi. Kitambaa kinachopepea nacho kinaweza kuingia kwenye gurudumu la nyuma au mnyororo na kumvuta aliyekivaa.

Suluhisho ambalo baadhi ya kina mama wameshalizoea ni kuvaa suruali ya pamba ndani ya dera au gauni. Unapofika kwenye pikipiki unakusanya nguo ya juu, unaikalia, na ncha zake unazibana chini ya mapaja. Khanga ya kiunoni na mtandio mrefu viingie kwenye mkoba. Ukifika unashusha gauni lako na kuingia ndani. Hata kwenye nyumba ambayo mama mkwe hapendi kumwona mkwewe na suruali, hakuna heshima iliyovunjwa, na mguu umerudi salama.

Watoto ni suala jingine. Mtoto wa shule mwenye kaptula, aliyewekwa kati ya watu wawili kwa mtindo wa mishikaki, mara nyingi miguu yake haifiki pa kukanyagia. Inaning'inia karibu na bomba. Suruali ndefu humsaidia, lakini haimpi mahali pa kuweka mguu. Mtoto asiyefika pa kukanyagia asubiri daladala au bajaji.

Mipaka ya jinzi

Isidhaniwe kwamba jinzi inatosha kwa kila kitu. Jacob Davis na Levi Strauss walipopata hataza ya suruali zenye ribiti huko Marekani mwaka 1873, walikuwa wakiwafikiria vibarua, na pikipiki hazikuwa zimeenea popote. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha kawaida maeneo ya makazi nchini, mtu husogea karibu mita 14 kila sekunde. Akiburuzika kwenye lami kwa mwendo huo, jinzi ya kawaida huchanika upesi sana. Nchi za Ulaya zina kiwango cha nguo za waendesha pikipiki, EN 17092, chenye madaraja ya ubora, na suruali za namna hiyo huwekewa nyuzi ngumu na vikinga vya magoti na nyonga.

Kwa dereva anayeshinda barabarani kutwa nzima, vikinga vya magoti juu ya jinzi nzito ni ununuzi wa maana. Abiria wa dakika tano anaweza kubaki na jinzi yake, mradi avae na kofia ngumu na amwambie dereva apunguze mwendo.

Ikitokea mguu umeungua

Mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Barafu haifai. Dawa ya meno, mafuta, unga na yai visipakwe. Kama kitambaa kimenata kwenye ngozi, usikibandue. Funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya, hasa ikiwa aliyeungua ni mtoto au malengelenge ni makubwa, na uulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Nyumba nyingi zina mwavuli nyuma ya mlango kwa ajili ya mvua. Kwa anayepanda bodaboda kila siku, msumari huohuo unaweza kubeba na suruali moja ya pamba nzito, iliyopimwa akiwa amekaa. Na anayetoka kazini na taiti au pensi aiweke kwenye begi asubuhi, aivae kabla hajafika Banana.