Tusipige Makofi Kabla ya Kuuliza



Wengi wenu mmekwisha kuiona mashine inayochonga mbao au chuma bila fundi kuishika. Kompyuta inatoa amri, mota zinazungusha skrubu, na kisu kinakwenda pale kilipoamriwa. Inaitwa CNC. Mimi niliiona mara ya kwanza katika kiwanda cha fanicha nilikokuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Siku ilipofungwa tulipiga makofi. Miezi michache baadaye wachongaji sita walipewa barua za kupunguzwa kazini. Hatukuwa tumeuliza swali hata moja.

Juzi niliwatembelea watatu kati yao katika karakana yao ndogo huko Katwe, Kampala. Kwa fedha za kiinua mgongo walizochanga pamoja, wametengeneza mashine ya namna hiyo wao wenyewe.

Walianza na fremu ya mabomba ya chuma ya pembe nne. Walipomaliza kuchomelea, moto ulikuwa umevuta chuma. Walipima kutoka pembe hadi pembe, njia zote mbili, wakakuta tofauti ya milimita 6. Mzee wao akakata, akaunga upya. "Kompyuta haijui kama meza imepinda, ndugu yangu," aliniambia.

Kisha mota. Mota hizi huenda kwa hatua, hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Skrubu yao husogeza milimita 5 kwa kila mzunguko. Hesabu ni ya shule ya msingi: 5 gawanya kwa 200, hatua moja ni milimita 0.025. Lakini nati ikilegea, usahihi huo wote hupotea, na duara halitoki duara.

Ubongo wake ni kibao kidogo cha Arduino, kilichoanzia Italia mwaka 2005, pamoja na programu ya Grbl inayotolewa bure. Ukiandika G1 X100, na kipimo ni milimita, kisu kitakwenda kwa mstari ulionyooka mpaka alama ya 100.

Kosa lao kubwa lilikuwa kuiwasha kabla ya kuweka swichi ya hatari. Kisu kiligonga kibano, kikavunjika, kipande kikapita karibu na sikio la kijana mmoja. Sasa kuna kitufe chekundu kinachokata umeme wa mota zote. Wanavaa miwani, na pia barakoa, kwa maana vumbi la mbao huleta saratani ya pua.

Ndugu, jambo hili lina historia. Mashine ya aina hii ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani, kwa fedha za Jeshi la Anga. Baada ya vita kulikuwa na njia nyingine pia: fundi alichonga kipande cha kwanza, mashine ikanasa mwendo wa mkono wake na kuurudia. David Noble alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1984 jinsi mameneja walivyopendelea njia iliyohamisha programu ofisini, mbali na fundi.

Kule Katwe programu iko karakanani. Mzee anachora, kijana anaingiza amri, na mzee ndiye anayesema kisu kipunguze mwendo mbao ikianza kuungua. Anaijua kwa harufu. Maua ya mlango yakitoka kwenye mashine, anayamaliza kwa patasi.

Basi kila tawi liulize kabla mashine haijafungwa. Nani atafundishwa kuiandikia programu? Nani atahamishwa, na kwa mshahara gani? Swichi ya hatari iko wapi? Majibu yaandikwe katika mkataba na yatiwe sahihi. Wale wachongaji sita walikuwa na ujuzi wote uliohitajika. Hakuna aliyewauliza, hata sisi chama chao.