Nakala Mbili za Kitabu Kimoja

Mzee mmoja kutoka Lindi aliniuliza nikiwa namlaza kwenye kitanda cha mashine: "Mwanangu, mionzi yenyewe ni ya dakika mbili tatu. Kwa nini msinipige yote leo, kesho nikapanda basi nirudi kwangu?" Alikuwa ameandikiwa vipindi 25, kila kimoja grei 2. Grei ndicho kipimo cha mionzi inayoingia mwilini. Nikamjibu, "Baba, mwili unataka usiku wa kujishona." Jibu hilo nilikuwa nimelikariri darasani. Sikujua huo ushonaji unafanywa na nini.

Nilikuja kuujua kupitia kiumbe wa seli moja asiyemhusu mgonjwa wangu yeyote. Mwaka 1986 Karl Stetter na Gerhard Fiala, watafiti wa Ujerumani, walimtangaza baada ya kumtoa kwenye mashapo ya moto ufukweni mwa kisiwa cha Vulcano, Italia. Wakamwita Pyrococcus furiosus, yaani tufe la moto lenye mbio. Hustawi kwenye nyuzijoto 100, joto la maji yanayotokota chunguni. Si bakteria. Ni wa ukoo wa arkea, ambao Carl Woese na George Fox waliutambua mwaka 1977, na vifaa vyake vya kutunza DNA vinafanana na vyetu kuliko vya bakteria.

Mwaka 1997 Jocelyne DiRuggiero na wenzake huko Marekani walimpiga mionzi ya gama, grei 2,500. Binadamu akipigwa mwili mzima grei 4 au 5 asipate tiba, kupona na kufa ni nusu kwa nusu. Kromosomu ya kiumbe huyu, duara moja la DNA lenye herufi karibu milioni 2, ilikatika vipande vipande. Wakamrudisha kwenye nyuzijoto 95, vipande vikaungana, kromosomu ikawa nzima. Ndugu yake, Thermococcus gammatolerans, alitolewa kwenye chemchemi za moto chini ya Ghuba ya California na kutangazwa mwaka 2003. Huyo alihimili grei 30,000. Ni vipindi 15,000 vya yule mzee, kwa mkupuo mmoja.

Marehemu baba yangu alifundisha chuo cha Kurani Bagamoyo. Mchwa waliwahi kuingia kwenye sanduku lake wakala nakala mbili za kitabu kimoja, ila si mahali pamoja. Alikaa barazani siku kadhaa. Anasoma mpaka penye tundu, anayatafuta maneno yaleyale ya mwisho kwenye nakala ya pili, kisha ananakili yanayofuata. Sijapata mfano unaoieleza kazi ya arkea vizuri kuliko huo.

DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana. Ukikatika mmoja, mwingine unaushikilia. Hatari ni zikikatika zote mbili. Hapo protini mbili, Mre11 na Rad50, huzidaka ncha zisipotee. Nyingine, HerA na NurA, husaidia kuumega uzi mmoja ili mwenzake ubaki na mkia mtupu, na mkia huo ndio "maneno ya mwisho" ya kusomea. Protini iitwayo RadA huuvika mkia na kuupeleka kutafuta herufi zinazolingana nao katika nakala nyingine ya kromosomu, kwa kuwa seli hizi huwa na zaidi ya moja. Ukizipata, hujipenyeza humo, herufi zilizopotea zikanakiliwa, na mwisho pengo likazibwa.

Lakini nani aliwafundisha kustahimili mionzi? Hakuna mahali duniani penye mionzi ya asili ya kiasi hicho. Maelezo yanayokubalika zaidi ni joto. Katika maji yanayochemka herufi za DNA hudondoka na nyuzi hukatika kila siku, kwa hiyo fundi wao hapumziki; mionzi humkuta yuko kazini. Jambo lingine, sisi wa idara ya mionzi tunalielewa upesi: hawa huishi pasipo oksijeni, na oksijeni ndiyo inayofanya jeraha la mionzi ligande. Uvimbe usiofikiwa vizuri na oksijeni hutusumbua kwa sababu hiyohiyo.

Mre11 na Rad50 zimo pia ndani yangu na ndani ya yule mzee, kwa majina hayohayo. RadA kwetu ni Rad51. Kati ya kipindi cha leo na cha kesho ni miongoni mwa protini zinazoshona seli zake nzima, huku seli nyingi za saratani zikichelewa au zikikosea.

Wanasayansi walipotaka kuliona umbo la Mre11, walianza na ya Pyrococcus, maana protini iliyozoea kuchemka haisambaratiki ovyo maabara. Karl-Peter Hopfner, John Tainer na wenzao walilichapisha mwaka 2001. Wapo watoto wachache sana wanaozaliwa na Mre11 yenye kasoro. Hupepesuka wakitembea, na seli zao huumizwa na mionzi kuliko za watu wengine. Mtoto kama huyo akilazwa kwenye kitanda chetu, zile grei 2 za kawaida si za kawaida kwake.