Mihadhara ya Berkeley: nani mwenye dhamana ya tovuti ya chuo kikuu?

Mwezi Machi mwaka 2017 Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Marekani, kilianza kuondoa hadharani rekodi zaidi ya 20,000 za mihadhara, za picha na za sauti, ambazo kwa miaka mingi watu wa pembe zote za dunia walikuwa wakizifuata bila ya malipo.

Chanzo kilikuwa malalamiko yaliyowasilishwa mwaka 2014 na wafanyakazi wawili wa Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi kilichopo Washington. Walisema rekodi nyingi hazikuwa na maandishi ya kumwezesha kiziwi kufuata yanayosemwa. Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza, na mwezi Agosti 2016 ikatamka kwamba chuo kimekiuka sheria ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu.

Berkeley ilieleza kuwa gharama ya kuzirekebisha ni kubwa mno, ikaamua kuzifungia ili zitazamwe na wanafunzi na wafanyakazi wake tu. Viziwi hawakupata walichokidai, na wengine wakapoteza walichokuwa nacho. Kampuni moja, LBRY, iliwahi kunakili rekodi hizo na kuzisambaza upya, lakini sasa zikiwa nje ya mamlaka ya chuo.

Ilifikaje huko? Tovuti ya chuo kikuu si kitabu chenye mhariri mmoja. Kila kitivo, maktaba, ofisi ya udahili na hata mhadhiri mmoja mmoja ana kurasa zake. Kuweka kitu mtandaoni ni kazi ya dakika chache. Kukitunza ni kazi ya miaka, na aghlabu haina mwenyewe.

Chukua mfano wa karo. Kiwango kimoja hunakiliwa katika kurasa tano za idara mbalimbali. Kikipanda, ukurasa mmoja hurekebishwa na minne husahauliwa, na mwombaji aliyeko Mombasa au Muscat, asiyeweza kwenda dirishani kuuliza, hupanga fedha zake kwa tarakimu iliyokwisha kufutwa. Ndiyo maana vyuo vingi siku hizi huhifadhi taarifa kama hiyo mahali pamoja, chini ya ofisa anayejulikana, na kurasa zote huichota hapo.

Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, ilifuata njia tofauti na ya Berkeley. Ilipotangaza mwezi Aprili 2001 kwamba itatoa bure maandiko ya masomo yake, iliunda ofisi maalumu. Watumishi wake walipitia kila mchoro na kila picha kuuliza hakimiliki ni ya nani; kisichopata ruhusa kiliondolewa au kikachorwa upya. Ilianza na kozi 50 mwaka 2002, na kufikia mwishoni mwa 2007 zilikuwa takriban 1,800. Nakala zilipelekwa pia katika vyuo vyenye intaneti hafifu, vikiwemo vya Afrika, ili zisomwe kupitia mtandao wa ndani wa chuo.

Hata hivyo utaratibu huo haukuiepusha MIT na mahakama. Mwaka 2015 Chama cha Kitaifa cha Viziwi cha Marekani kiliishitaki, pamoja na Harvard, kwa sababu ile ile ya maandishi. Harvard ilifikia mapatano mwezi Novemba 2019, na MIT mwezi Februari 2020.

Kwa upande wa Berkeley, makubaliano na Wizara ya Sheria yalipatikana mwezi Novemba 2022. Chuo kiliahidi kuwafungulia watu wenye ulemavu sehemu kubwa ya yaliyomo katika kurasa zake. Kilitakiwa vilevile kuwafunza watumishi wanaohusika, kuajiri mkaguzi wa nje aliye huru, na kumteua mratibu mmoja wa kushughulikia suala hilo katika tovuti nzima.