Sahani ya Kwao

Ndugu zangu, liko jambo moja ambalo kila aliyewahi kukaa ugenini analijua, ila wengi huona haya kulisema. Ni ile hali ya mtu mzima, mwenye akili zake timamu, kukosa usingizi kwa ajili ya chakula fulani cha kwao. Si njaa, maana amekwisha kula. Lakini tumbo limejaa na roho inadai.

Mimi ni mtu wa Tanga. Mwaka 1997 nilipelekwa kikazi Kasulu, huko nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Sikuvuka mpaka wowote, lakini nilikuwa mgeni hasa. Baridi ya asubuhi niliizoea. Vumbi jekundu nililizoea. Kiha nilijifunza walau cha kusalimia wazee. Kilichonishinda ni maharage yasiyo na nazi. Mwenye nyumba wangu, mzee mpole, alinicheka: "Mwanangu, maharage ni maharage." Nikamwagiza jamaa aliyekuwa anakuja na treni kutoka Dar es Salaam aniletee nazi kumi. Zilifika saba, na hizo tatu sikuuliza. Nilizificha uvunguni kama mtu aliyeficha gongo.

Nayasema haya ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani siku nilipoingia kambi ya Nyarugusu kwa mara ya kwanza.

Kambi hiyo, iliyoko Wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea waliokimbia vita mashariki ya nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Wengi walitoka Fizi na Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kwao ugali ni wa muhogo. Muhogo unalowekwa siku kadhaa, unaanikwa, unatwangwa, unachekechwa, kisha unasongwa ugali mzito unaovutika, wa kuliwa na sombe, yaani kisamvu chetu, kilichoungwa kwa mawese. Mgao waliopewa ulikuwa mahindi, kunde au maharage, mafuta meupe ya kopo, chumvi na unga wa uji. Chakula kizuri, sibishi. Lakini mama mmoja wa Fizi aliniambia, "Baba, hii inajaza tumbo, lakini hatushibi." Nikazikumbuka nazi zangu.

Basi walifanya nini? Walibeba mahindi hadi sokoni, wakabadilishana na wanavijiji wa Kiha kwa muhogo na mawese. Mama yule alikuja na mfuko uliomwelemea kichwani, akaondoka na kifurushi cha kushika kwa mkono mmoja. Hesabu ilikuwa ya hasara, naye aliijua vizuri kuliko mimi.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mjini nilisikia watu wazima wakisema wakimbizi hawana shukrani, au kwamba wakiuza mgao, basi wamepewa kupita kiasi. Ndugu zangu, hoja hiyo ni mbovu. Mgao haukuwa na sabuni, haukuwa na nyanya, haukuwa na ada ya kusagisha hayo mahindi. Mwenye kuuza hakuwa na ziada. Alikuwa amepunguza mlo ili apate kitu kingine. Mbona Mtanzania anayekwenda London na dagaa ndani ya sanduku, mashati yote yakinuka ziwa, hatumwiti mtovu wa shukrani? Na Waswahili waliohamia Muscat kutoka Unguja baada ya mwaka 1964, wakaendelea kupika mandazi yao, nani aliwalaumu?

Sisemi kila kilichonunuliwa kilikuwa cha heri. Wapo akina baba waliogeuza mahindi ya watoto kuwa tumbaku na pombe ya ndizi, na wake zao walilia mbele ya macho yangu. Hilo silitetei. Lakini hata hapo nilijiuliza: mtu asiyeruhusiwa kulima shamba, wala kutoka kambini bila kibali, kutwa nzima afanye nini na mikono yake?

Mwaka 2015 wakaja Warundi kwa maelfu. Walikusanyika Kagunga kando ya ziwa, na ile meli kongwe ya Liemba ikawavusha hadi Kigoma. Nyarugusu ikafurika, ikabidi kambi ya Nduta huko Kibondo ifunguliwe upya mwaka huohuo. Kirundi na Kiha ni lugha ndugu, hivyo Mrundi alielewana na mwenyeji tangu siku ya kwanza. Hata hivyo, akifungua mdomo tu, hutambuliwa. Kero yao kubwa ilikuwa jikoni. Mrundi na maharage ni pete na kidole, lakini kwenye mgao zilikuja pia njegere kavu za manjano, ambazo hukaa motoni muda mrefu bila kuiva. Moto ni kuni, na kuni ziko porini, na porini wanawake walipigwa na kunajisiwa. Hivyo swali la "leo tupike nini" halikuwa la ulimi peke yake.

Mwishoni mwa mwaka 2016 lilianzishwa jaribio Nyarugusu: baadhi ya familia zikapewa fedha badala ya chakula, kila mama akanunua anachokijua. Mwaka 2017 likasimamishwa. Kisha, kati ya mwaka 2018 na 2019, masoko kadhaa ya kambini yakafungwa kwa amri. Na mwaka 2023, wafadhili walipopungukiwa, Shirika la Chakula Duniani lilishusha mgao hadi nusu. Anayebadilisha nusu ya nusu ili apate muhogo anabaki na nini sufuriani? Mimi nilikuwa nimeondoka zamani, lakini niliposikia habari ile nilimfikiria yule mama na kifurushi chake.

Siku ya kuagana Kasulu, mzee mwenye nyumba wangu alinipikia kisamvu kwa mawese, chekundu kama machweo. Nilikula kwa adabu tu. Sasa niko Tanga, nazi zinaanguka uani bila mtu kuziokota, nami kila nikisikia kuna mtu anatoka Kigoma, namwagiza dumu la mawese. Mke wangu analalamika kwamba yanachafua sufuria. La mwezi uliopita liko uvunguni.