Pumu ya Mtoto: Tafuta Kinachoichokoza

Mtoto anakohoa usiku, kifua kinapiga mluzi, kisha asubuhi anacheza kama kawaida. Huenda ni pumu. Mpeleke kituo cha afya apimwe. Pumu haiambukizi. Njia za hewa kifuani huwa zimevimba kwa ndani, na zikichokozwa kidogo tu, zinabana.

Basi chunguza: kifua hubana lini? Jioni jiko la kuni likiwashwa? Wakati wa kufagia? Mafua, moshi wa sigara na mende pia huchokoza. Pikia nje ukiweza, na nyunyiza maji kabla ya kufagia.

Lakini kuondoa moshi pekee mara nyingi hakutoshi. Pampu ya buluu hufungua njia za hewa kwa saa chache tu, uvimbe unabaki. Daktari akimwandikia pampu ya kuzuia, inayotuliza uvimbe, avute kila siku hata akiwa mzima. Hapo ndipo wengi huiacha, eti mtoto ataizoea. Haimfanyi mtumwa wa dawa.

Akishindwa kuongea au kunyonya, au mbavu zikididimia anapovuta pumzi, mpe pampu ya buluu huku mkikimbia hospitali. Usingoje kuche.